Tundu la Sikio
Msikilizaji, sikio likitogwa kwenye ndewe hupona kwa wiki 6 hadi 8. Juu, kwenye gegedu, huchukua miezi, hata mwaka, kwa kuwa damu haifiki huko kwa wingi. Gegedu likioza, sikio huweza kukunjamana daima. Kwa hiyo kwenye gegedu bastola ya kutogea haifai kabisa! Huponda nyama, na plastiki yake haihimili mvuke wa nyuzi 121 unaoua vijidudu. Dai sindano mpya, ifunguliwe mbele yako. Hereni ya kwanza iwe ya titani, maana nikeli huwasha. Safisha kwa maji ya chumvi ya duka la dawa. Spiriti huunguza kidonda. Na kipini cha shoga yako usikiazime, hata mkipendana vipi: homa ya ini B huambukizwa kwa damu kidogo isiyoonekana.