Tumshukuru Mungu Mbele ya Mtoto

Somo: 1 Samweli 1:20–28 na 2:18–19



Hana alipojaliwa mwana alimpa jina la kukumbusha kwamba alimwomba kwa Mungu. Hakumpeleka Shilo mara moja. Alikaa naye nyumbani, akamnyonyesha hadi alipomwachisha ziwa. Na baadaye, kila mwaka, alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Shukrani ya Hana ilipanda kwa Mungu, ikamfikia na mtoto pia.

Hapa kwetu Isebania mama akijifungua salama, huja kanisani kutoa shukrani, kama Kitabu cha Sala kinavyotufundisha. Ni vema. Lakini turudipo nyumbani, mtoto yule husikia nini? Akizaliwa msichana wa nne, pengine baba hutoka kimya, akavuka zake kwenda Sirari, na mama hubaki akimpakata mtoto kama aliyepakata deni. Tumemshukuru Mpaji, na zawadi yake tumeinunia!

Tusiseme mtoto mchanga hajui kitu. Sauti ya mama yake huisikia tangu angali tumboni, na akizaliwa huitambua. Macho yake huona vizuri mambo ya karibu tu, kiasi cha sentimeta 20 hadi 30. Huo ndio umbali kati ya ziwa na uso wa mama. Mungu ameupima mwenyewe. Na watoto njiti wakifungwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wengi hupona ambao wangalikufa. Upendo ni chakula, ndugu zangu.

Basi mama, unyonyeshapo, mtazame mwanao usoni, umwambie, "Asante, mwanangu, kwa kuja kwetu." Baba, mpakate binti yako, umwite kwa jina lake. Atakuja kuijua sauti yako nayo.

Tena yuko mama ambaye baada ya kuzaa moyo wake ni mzito, wala haoni furaha kwa mtoto. Tusimlaumu. Hiyo si laana, ni ugonjwa unaotibika. Tumchotee maji, tumpikie uji, tumsindikize hospitali.

Tuombe. Ee Baba, uliyetupokea tungali hatuna kitu cha kukupa, utufundishe kuwapokea hivyo watoto wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.