Juu ya Pikipiki katika Milima Yetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana siku ya Jubilei



Wengine wamekwisha kuwaeleza habari za mapadre na walimu wa kwanza. Mimi nimeagizwa niseme juu ya safari. Nimepanda pikipiki katika vilima hivi zaidi ya miaka arobaini. Basi nitasema habari za chombo hicho, na hasa jambo moja, yaani namna ya kushuka.

Kwanza tuikumbuke nchi yenyewe. Misioni ya Kashozi ilipoanzishwa mwaka 1892, watu walisafiri kwa miguu na kwa mitumbwi. Nanyi mwajua jinsi nchi yetu ilivyo: imepangwa kama matuta ya shamba, mgongo wa mawe, kisha bonde la matope, kisha mgongo tena, na upande wa mashariki magenge yaangukia ziwa. Mgonjwa alichukuliwa mabegani mwa watu, na mara nyingi mauti yalimtangulia mganga.

Shida hiyo haikuwa yetu peke yetu. Mwaka 1925 mmisioni mmoja alikufa kusini-magharibi mwa Afrika kwa kukosa chombo cha kumfikisha kwa mganga upesi. Rafiki yake, Padre Paul Schulte wa Ujerumani, alihuzunika sana, na mwaka 1927 akaanzisha chama kiitwacho MIVA, cha kuwapatia wamisioni pikipiki, motokari, mashua, hata ndege. Basi msidhani kwamba pikipiki iliingia katika kazi ya misioni kwa ajili ya anasa. Ilitafutwa kwa sababu ya maiti ya rafiki.

Walakini sitaficha kwamba safari yenyewe ni tamu. Ukitoka Bukoba kwenda kusini, ziwa liko mkono wako wa kushoto. Wapita Kemondo penye bandari, wafika Muhutwe, na hapo ukitaka kwenda Kamachumu njia yaanza kupanda. Mashine yalia, warudisha gia, na migomba yabaki chini yako. Ukifika juu, upepo wa baridi wakupiga kifuani. Mbele yako ni rweya yenye majani mafupi, na nyuma ziwa limetandazwa pamoja na visiwa vyake. Mara nyingi nalisimama pale, nikazima mashine, nikanyamaza tu. Kutoka huko waendelea hata Muleba, na kwa njia ya Nshamba wafika Rubya. Safari iliyomchosha babu yako siku kadhaa, wewe waimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Kupanda ndiko kunakopendeza, bali kushuka ndiko kunakompima mtu. Sikilizeni habari yangu.

Mwaka 1987 petroli ilikuwa haba. Nalikuwa nikirudi Bukoba, na nyuma yangu alikaa mwenzangu, mtu mzima mwenye watoto. Tulipofika juu ya mteremko wa Muhutwe nalizima mashine, nikaweka gia huru, nikakiacha chombo kishuke chenyewe, ili nibakize kikombe kimoja cha petroli. Mwenzangu akaniambia, “Mwalimu, polepole.” Nikacheka. Kwa kuwa mashine haikuvuta nyuma, kazi yote ikawa ya breki. Breki zikapata moto, zikalegea. Kwenye kona mvua ya alfajiri ilikuwa imeacha tope jekundu juu ya njia. Mimi nalitoka na michubuko. Mguu wake yeye ulivunjika, wala haukunyoka tena. Hakunishtaki kwa mtu yeyote. Lakini killa Jumapili nalimwona akiingia kanisani na fimbo yake, nami nalijua bei ya kile kikombe cha petroli.

Kwa hiyo, vijana, nawasihi mshike haya. Kabla ya kushuka, ingia gia ndogo, mashine ikiwaka, nayo itakuzuia. Punguza mwendo kabla ya kufika kwenye kona, si ndani yake. Tumia breki zote mbili kwa upole, maana ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, na ukiibana ghafula juu ya tope itakutupa. Mvua zetu nyingi hutoka ziwani usiku na asubuhi. Basi siku za masika ungoje jua likaushe njia kidogo, hata abiria akikuhimiza.

Tena, tangu kanuni za mwaka 2010, kuchukua abiria kwa pikipiki ni biashara inayotambuliwa na serikali, na vijana wengi wa Bukoba na Muleba wapata riziki yao humo. Ni kazi ya heshima. Lakini naona jambo la kusikitisha: dereva amevaa kofia ngumu, na mama aliye nyuma yake, mtoto mgongoni, hana kitu kichwani. Mwaka 2008 wataalamu waliolinganisha chunguzi nyingi walitangaza kwamba mpanda pikipiki aliyevaa kofia hiyo, akipatwa na ajali, hatari yake ya kufa hupungua kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Je, kichwa cha abiria kimeumbwa kwa jiwe? Nunueni kofia mbili. Na ninyi wazee wa vigango, mkichanga fedha kwa ajili ya pikipiki ya katekista, msihesabu bei ya chombo bila kofia ya pili.

Mwenzangu yule amekwisha kutangulia mbele ya haki. Siku moja kabla ya kufa kwake nalimwomba radhi tena. Akanijibu, “Nimekusamehe zamani. Wafundishe wengine kushuka.”

Ndiyo niliyoyafanya leo. Nimemaliza.