Sanduku la Baba: Haki ya Mzazi Mzee juu ya Mali Yake



Tumeombwa tuzungumze juu ya haki ya mzee. Mada hii kwa kawaida huanzia kwenye amri ya nne, na kweli huko ndiko mzizi wake uliko. Lakini leo tutaanzia uvunguni mwa kitanda, kwani ndiko tulikolikuta sanduku la bati la baba yetu mzazi, na ndani yake tukaikuta dhambi yetu wenyewe.

Baba yetu ni mwalimu mstaafu. Alijenga nyumba yake mjini Iringa akingali kazini, kwenye kiwanja kilichopimwa, akapata na hati. Mama alipofariki alibaki peke yake. Sisi watoto tu watano, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kutokuwapo. Ya kwetu ilikuwa utume. Tulifika kila baada ya Noeli, tukala, tukasali naye, tukaondoka. Tuliona paa la jikoni linavuja, tukasema ni mvua za mwaka huu zimezidi. Hatukuuliza.

Kilichotuamsha ni ilani ya ardhi, iliyomtaka alipe kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizana miaka tisa. Baba alishangaa kwa dhati. Miaka ya mwanzo hakulipa kwa kukosa fedha. Lakini tangu mwaka 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa mtu anaponunua umeme, yeye aliamini kuwa makato yale yanamaliza madai yote ya nyumba na kiwanja. Tunaomba jambo hili lifafanuliwe katika kila jumuiya, kwa maana si yeye peke yake aliyedhani hivyo. Kodi ya majengo ni ya jengo. Kodi ya pango la ardhi ni ya kiwanja, hudaiwa kila mwaka, na asiyeilipa amevunja sharti la hati yake. Akipuuza ilani, hati yaweza kufutwa. Tena mzee aliyetimiza miaka 60 aweza kuomba asamehewe kodi ya majengo kwa nyumba anayoishi mwenyewe, isiyomletea kipato. Msamaha huo hauji kwa miguu yake. Huombwa.

Basi fedha za pensheni zilikwenda wapi? Sandukuni mlikuwa na stakabadhi, picha ya harusi, barua za uhamisho wake wa kazi. Kadi ya benki haikuwemo. Baba alisema imepotea. Siku ya tatu akatuambia kweli: ipo kwa mkopeshaji, pamoja na namba yake ya siri. Alikopa wakati mama anaugua, mikopo ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Kila mwisho wa mwezi mkopeshaji alichukua pensheni, akambakizia kiasi alichopenda mwenyewe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mtu wa namna hiyo awe na leseni, naye hakuwa nayo. Na baba hakutushirikisha kwa sababu ya aibu. Mtu aliyewafundisha kusoma nusu ya wakazi wa mtaa ule, alikuwa ametia saini karatasi ambayo hakupewa hata nakala yake.

Usiku ule tulikaa kikao, sisi watoto, baba akiwa amekwenda kulala. Kaka yetu mkubwa alitoa shauri: yeye atalipa madeni yote, nyumba iandikwe jina lake, na baba ahamie kwake Dar es Salaam. Sisi tuliliona shauri hilo kuwa la busara. Tena ndio tulioongoza sala ya kufunga kikao. Asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, baba aliinua uso akauliza, "Padre, na wewe ulikuwemo?"

Ukuta wa chumba chake ni mwembamba.

Ndugu, tumehubiri mara nyingi kisa cha Korbani katika Marko sura ya saba, jinsi Bwana alivyowakemea waliomnyima mzazi kwa kisingizio cha sadaka. Na viongozi wazuri wa michango ya kanisa, sisi mapadri tukiwamo, tujipime hapo. Lakini Yoshua bin Sira, sura ya 33, anasema neno ambalo hatukupata kulihubiri hata mara moja. Anamwonya mzee asimpe mwana, wala mke, wala ndugu, mamlaka juu yake angali hai, wala asigawe mali yake mapema akaja kuijutia. Anaona heri watoto wamwombe mzazi kuliko mzazi kuitazamia mikono ya watoto wake. Sisi katika kikao kile tulikuwa tunamwondolea baba deni, na papo hapo tunamfanya mgeni nyumbani kwa mwanawe.

Tukaanza upya, safari hii baba akikaa mezani. Alidai kusoma kila karatasi mwenyewe, kwa sauti, na kazi ikachukua siku mbili badala ya saa mbili. Tulikwenda naye benki, kadi ya zamani ikafungwa, akapewa mpya. Tulikwenda kwa mkopeshaji tukiwa na mwenyekiti wa mtaa na msaidizi wa kisheria. Huduma hii inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na mtu asiye na uwezo huipata bila malipo. Hesabu ilipopigwa mbele ya watu, ilionekana kuwa mkopo ulikwisha kulipwa zaidi ya mara mbili. Deni la ardhi tulilichangia, stakabadhi ikatoka kwa jina la baba. Paa likaezekwa upya. Kaka yetu alichanga, lakini alituona tumemgeuka, na hadi leo mazungumzo yetu ni mafupi.

Kuna na vyumba vya uani. Anakaa humo mpwa wake baba, miaka sita sasa, halipi kitu. Tulimwambia baba amwondoe, apangishe. Akajibu, "Huyo niachieni." Tunaamini amekosea, na tumemweleza hivyo kwa heshima. Nyumba ni yake.

Tunataja mambo mengine mawili kwa kuwa yanatufikia ofisini mara kwa mara. Mzee anapowekewa mbele yake hati ya kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, asomewe yote, mbele ya shahidi asiyefaidika. Hati hiyo haihamishi umiliki, nayo hukoma pale aliyeitoa anapofariki. Wapo waliodanganywa kinyume chake. Na wajane: wako akina mama katika parokia hii wanaoishi katika nyumba ambayo bado ina jina la marehemu, mirathi haijafunguliwa, na shemeji wanapita wakipima uwanja kwa macho. Mahakama ya Mwanzo humteua msimamizi wa mirathi, na mjane mwenyewe aweza kuomba uteuzi huo. Wanaume mnaotusikiliza, andikeni wosia mkiwa na akili timamu, mbele ya mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo. Wosia haumwiti mauti, kama wengi mnavyoogopa.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, baada ya Misa ya asubuhi, wasaidizi wa kisheria watakuwa hapa ukumbini. Kila jumuiya iwalete wazee wake wenye shida za namna hii. Tafadhali, msituletee karatasi peke yake. Zije na mwenyewe, na awekewe kiti cha mbele.