Lori, Daraja na Chombo cha Kuonyesha Njia

(Hotuba ya mwanachama wa reli mbele ya madereva wa malori)



Twajua wako wanaouliza, watu wa reli wana shauri gani na lori? Mwaka 2019 ilipotoka amri ya kwamba mizigo ipitie reli mlitutazama kwa jicho kali, wala hatuwalaumu. Amri ile iliondolewa mwaka 2022. Leo twaja kwa habari ya madaraja, maana lori likigonga daraja la reli, ninyi mwaumia chini na sisi twaumia juu.

Wengi wadhani kwamba chombo cha GPS chaongozwa na setilaiti inayoona barabara. La, haioni. Huko angani, kilomita 20,200 juu yetu, Marekani wanazungusha setilaiti zisizopungua 24. Kila moja ina saa iliyo sahihi mno, nayo hutangaza wakati na mahali ilipo. Chombo kikisikia setilaiti nne, chafanya hesabu ya muda wa mawimbi kusafiri, ndipo chajua mahali kilipo. Kazi ya setilaiti yaishia hapo. Njia ya kufuata hutoka katika ramani, na ramani imetengenezwa na watu. Ikiwa waliitengeneza kwa ajili ya motokaa ndogo, haina habari ya kimo cha lori wala uzito wake.

Kontena refu lina kimo cha meta 2.9. Liweke juu ya trela ya meta 1.5, umepata meta 4.4. Chombo cha motokaa kitakupeleka chini ya daraja la meta 4 bila kusema neno. Huko Uingereza magari hugonga madaraja ya reli zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka. Mjini Durham, North Carolina, liko daraja la reli lililokuwa na futi 11 na inchi 8 tu. Liligongwa mara nyingi hata mwaka 2019 likainuliwa inchi 8, na bado malori yakaendelea kuligonga.

Kwetu relini behewa halitoki yadi ikiwa mzigo umepita kipimo. Dereva wa treni haambiwi akisie. Kwa nini dereva wa lori aachiwe kukisia?

Tunamjua ndugu mmoja aliyefuata chombo alichopewa na tajiri wake, akaingia njia nyembamba, trela ikakwama usiku kucha. Akakatwa mshahara miezi mitatu. Tena chombo kile huandika saa gari lilipotembea na saa liliposimama. Karatasi ilipotolewa ofisini, ilisomwa mahali palipoonyesha amechelewa. Mahali palipoonyesha kwamba ameendesha saa kumi na nne bila kulala hapakusomwa.

Basi twataka chama kidai chombo kilicho cha malori hasa, kinunuliwe na tajiri, ramani yake ifanywe mpya kila mara, na dereva apewe nakala ya yote yaliyoandikwa juu yake. Nanyi, msikibonyeze gari likiwa mwendoni. Kibao cha barabarani kikisema meta 4 na chombo kikisema pita, fuateni kibao.

Walio na karatasi za kukatwa mshahara kwa mambo haya wampelekee Katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Majina hayatasomwa mkutanoni.