Mwendesha Mashitaka na Apimwe kwa Lipi?



Katika watumishi wote wa sheria hakuna ambaye raia humfahamu kwa uchache kuliko mwendesha mashitaka, ilhali hakuna mwenye kalamu iliyo nzito kuliko yake. Kwani hakimu huamua kadhia iliyoletwa mbele yake tu, bali aamuaye kwamba huyu ashitakiwe na yule aachiwe, kwamba kwa huyu iombwe amri ya kuwekwa mahabusu na yule angoje hukumu nyumbani kwake, ni mwendesha mashitaka. Kwa hiyo nauliza: mtu anapopendekezwa kushika kalamu hiyo, na apimwe kwa lipi?

Katika majimbo mengi ya Marekani raia humpigia kura mtumishi huyo, na mwaka 2017 watu wa Philadelphia walimchagua Larry Krasner kwa ahadi ya kupunguza vifungo visivyo na maslahi. Sisi Rwanda hatuna uchaguzi wa namna hiyo, wala siutamani, maana mwenye kutafuta kura aghalabu hutafuta pia mtu wa kumfunga ili ashangiliwe. Mwendesha Mashitaka Mkuu wetu huteuliwa na Rais wa Jamhuri baada ya Baraza la Seneti kumwidhinisha, kama Katiba inavyoagiza. Majirani zetu wa Kenya, walipomtafuta mkurugenzi wa mashitaka mwaka 2018 wakampata Noordin Haji, na tena mwaka 2023 wakampata Renson Ingonga, waliwahoji waombaji hadharani, raia wakisikia kila jawabu. Hilo ndilo ninalolitamani.

Na swali la awali ningependa liwe juu ya zile siku za mwanzo baada ya mtu kukamatwa. Sheria yetu ya mwenendo wa mashitaka ya mwaka 2019 yasema wazi kwamba asili ya mtuhumiwa ni kuwa huru wakati anapochunguzwa. Walakini sheria hiyo hiyo yawapa wapelelezi wa RIB, Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, siku 5 za kumshikilia mtu, na mwendesha mashitaka siku 5 nyingine, kisha hakimu aweza kutoa amri ya siku 30, nayo amri hiyo yaweza kurudiwa, hata kwa jinai kubwa ikatimia mwaka mzima kabla ya hukumu. Mfikirieni mama wa hapa kwetu Gisenyi avukaye kila alfajiri mpaka wa Goma pale Petite Barrière na beseni la nyanya kichwani, ambaye mtaji wake wote umo ndani ya beseni hilo: akituhumiwa magendo madogo akawekwa ndani siku 30, hata akitoka bila ya hatia, mtaji umekwisha, kodi ya nyumba imelala, na watoto wamekwisha kurudishwa kutoka shule. Mwendesha mashitaka aliyeomba amri ile kwa mazoea tu, pasina kujiuliza kama mama huyu angekimbia au angeharibu ushahidi, amekwisha kumwadhibu kabla hakimu hajafungua kinywa.

Magereza yetu, na hili letu la Rubavu lililoko Nyakiriba likiwemo, yamebeba watu kupita uwezo wake kwa miaka mingi. Serikali yenyewe ililiona jambo hili, ikapitisha mwaka 2022 sera mpya ya haki jinai, na mwaka huo huo yakaanza kwa majaribio, katika mahakama chache, makubaliano ya kukiri kosa baina ya mshitakiwa na upande wa mashitaka. Ni tadbiri njema, nami naiunga mkono, ila ina hatari yake, kwa kuwa mtu maskini asiye na wakili, aliyechoshwa na mahabusu, aweza kukiri asilolitenda ili mradi atoke. Mwenye kutaka cheo hiki na aulizwe atamlindaje mtu huyo.

Na aulizwe pia kama anao ujasiri wa kuwashitaki wenye madaraka. Hapa hapa Rubavu, mwezi wa Aprili 2024, mahakama ilimhukumu Innocent Kayumba, aliyekuwa mkuu wa gereza letu, kifungo cha miaka 15 kwa kumpiga na kumwua mfungwa mwaka 2019. Miaka mitano ilipita baina ya kifo kile na hukumu ile, nayo ni mingi mno. Hata hivyo mashitaka yalifika mahakamani, na kwangu mimi kesi moja ya namna hiyo yapima uadilifu wa ofisi kuliko hesabu ya kesi mia ilizoshinda dhidi ya wezi wa kuku.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya wataalamu, na raia hayamhusu. Nawakumbusha Oktoba 2001, tulipokusanyika vilimani kuwachagua inyangamugayo, yaani waamuzi wa mahakama za gacaca zilizohukumu kesi za mauaji ya kimbari, watu 250,000 na zaidi, na kila aliyependekezwa akasimamishwa mbele ya majirani wanaoijua sira yake. Wengine walikuja kuondolewa baadaye, wenyewe wakituhumiwa kushiriki katika mauaji hayo, kwa hiyo sidai kwamba macho ya umma hayakosei. Nadai tu kwamba nchi iliyowakabidhi wakulima wake kazi nzito kama ile haiwezi kuwaambia leo kwamba hawana la kuuliza.

Basi, waheshimiwa maseneta, jina litakapoletwa tena mbele yenu, mhojini mwenye jina hilo waziwazi, redioni, na kwa lugha ambayo mama wa Petite Barrière ataisikia akaifahamu.