NCHI JIRANI: DEREVA KIJANA NA NDIMI ZA WENZAKE



Askari wa usalama barabarani anapolisimamisha gari lililokwenda kasi, yeye husoma mwendo tu. Hayasikii maneno yaliyosemwa ndani ya gari hilo dakika chache kabla. Aghalabu maneno hayo ndiyo yaliyokanyaga mafuta.

Tuitazame Kenya, nchi jirani. Jijini Nairobi vijana wana matatu zao zilizosheheni michoro na muziki, wenyewe huziita nganya. Mara nyingi dereva naye ni kijana. Akipitwa na mshindani wake, abiria wa rika lake humcheka, na utingo hupiga bodi kwa kiganja. Hapo dereva hapimi tena umbali wa lori linalomjia, bali anapima heshima yake. Anapita gari jingine penye kona, kana kwamba aibu ni ya kuogopwa kuliko mauti. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, walionyesha jambo hili katika utafiti uliotolewa mwaka 2005: katika mchezo wa kuigiza uendeshaji, vijana walithubutu hatari zaidi wenzao walipowatazama kuliko walipokuwa peke yao. Kwa watu wazima tofauti hiyo ilikuwa ndogo.

Serikali ya Kenya haikukaa kimya. Februari 2004, wakati wa Waziri John Michuki, magari ya abiria yalilazimishwa kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, pamoja na mikanda ya usalama. Lakini kidhibiti mwendo hakimzuii mtu kupita gari jingine penye kona.

Ndipo mwaka 2008 likaanza jaribio la watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown. Walichukua matatu zaidi ya 2,000 za safari ndefu, na ndani ya nusu yake wakabandika maonyo yaliyowahimiza abiria wamkemee dereva anayehatarisha maisha yao. Ili madereva wasiyabandue, iliandaliwa bahati nasibu ya kila juma. (Hata wema, naam, wakati mwingine huhitaji chambo.) Madai ya bima kutokana na ajali za magari hayo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Jaribio jingine kubwa zaidi lilipofanyika, upungufu ulikuwa kati ya robo na theluthi, si haba. Ndimi zile zile zilizozoea kuchochea, au kunyamaza, zilifanya kazi ya breki.

Je, lori la jeshi lina tofauti gani na nganya? Dereva ni kijana, na nyuma wamo wenzake wa kuruta mmoja, wakiimba. Mlio nyuma mnajua jinsi wimbo unavyopanda lori linapoongeza mwendo. Tofauti ni kwamba abiria wa matatu aweza kumkemea dereva, lakini ninyi mmetengwa naye kwa turubai na ukuta wa kibini, na sauti zenu hazimfikii ila kwa kelele. Anayesikika ni mmoja tu: mwenye cheo aliyeketi kando yake. Huyo akitazama saa yake na kuguna, asiseme neno lolote, dereva kijana amekwisha pokea amri.