Kukadiria Nafasi ya Mtoto Katika Chuo Kikuu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi, Nakuru)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo kila mwaka, matokeo ya mtihani wa KCSE yatangazwapo, huleta furaha katika nyumba moja na ugomvi katika nyumba ya pili. Kazi yangu ni kufasiri karatasi za Serikali. Mimi si mwalimu wala mkuu wa chuo, lakini karatasi hizi zimepita mikononi mwangu mara nyingi, na nimeona jinsi wazazi wenye akili timamu wanavyozisoma kwa haraka na kukosea.

Zamani jambo hili lilikuwa jepesi kueleweka, ingawa lilikuwa gumu kupatikana. Aliyetaka elimu ya juu alipanda gari la moshi hapo stesheni yetu ya Nakuru akaenda Makerere, na waliochaguliwa walikuwa wachache mno. Hata shule ya kilimo iliyoanzishwa na Lord Egerton pale Njoro mwaka 1939 ilikusudiwa vijana wa Kizungu peke yao. Leo shule hiyo ni Chuo Kikuu cha Egerton, tangu 1987, na Kabarak nayo ina chuo kikuu chake. Vyuo vimetusogelea, lakini mlango haujawa mpana kwa kila kozi.

Katika mtihani wa mwaka 2024 watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata C+ na kupanda, yaani kiwango cha chini cha kuingia kozi ya digrii, walikuwa 246,391, kama mmoja katika kila wanne. Waliopata A kamili walikuwa 1,693 tu. Basi mzazi ambaye mtoto wake amepata C+ ana haki ya kufurahi. Lakini C+ humfikisha mtoto uani tu, nyumba yenyewe ingali mbele yake.

Hapa ndipo makosa yanapoanza. Watu hutazama herufi moja kubwa iliyo juu ya karatasi. Idara inayogawa nafasi, iitwayo KUCCPS, hutazama zaidi ya hiyo. Kila kozi ina masomo yake manne yanayopimwa pamoja. Nilihangaika sana kutafuta neno la kuyaitia masomo hayo, mwishowe nikayaita tita, kama tita la kuni, na wazee wa Bahati walinielewa mara moja. Kila somo lina pointi, A ikiwa 12 na E ikiwa 1. Tita likijaa lina pointi 48, na masomo saba ya mtihani mzima yakijaa yana pointi 84. Kwa kanuni iliyozoeleka miaka mingi, sehemu ya tita huzidishwa kwa sehemu ya jumla, hutafutwa kipeuo cha pili, kisha huzidishwa kwa 48. Msiogope hesabu hiyo. Mtoto wenu ataifanya kabla chai haijapoa. Hayo ni makadirio ya nyumbani, maana hesabu iliyo rasmi ataikuta katika tovuti ya idara yenyewe, kwenye ukurasa wake.

Nitawapa mfano wa kijana mmoja wa upande wa Molo, ambaye jina lake nalificha. Alipata A- yenye pointi 74. Mtaani palipigwa vigelegele, na baba yake akatangaza kwamba nyumba imepata daktari. Kwa udaktari hutakiwa angalau B katika Bayolojia, B katika Kemia, B katika Hisabati au Fizikia, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Kijana alikuwa na B katika Bayolojia, B katika Kemia, B+ katika Hisabati, na A katika Kiswahili. Sharti alilitimiza. Lakini tita lake lilikuwa na pointi 40, na hesabu ikatoa 41.1. Kijana mwingine mwenye 74 zile zile, lakini aliyepata pointi 46 katika tita hilo, angetoka na 44.1. Herufi yao ni moja, na mmoja amemtangulia mwenziwe mbali kabisa.

Lililonisikitisha zaidi ni hili: kijana huyu huyu, masomo yake yakifungwa tita la sheria, Kiswahili, Hisabati, Dini na Biashara, angepata 43.6 hivi. Nguvu zake zilikuwa huko, naye alijua. Alimwambia mama yake, mama akanyamaza kwa heshima ya mzee. Nafasi zote sita za kuchagua zikajazwa udaktari, chuo hiki na chuo kile. Awamu ya kwanza ikapita asipate kitu. Awamu iliyofuata akachukua kilichosalia, kozi ambayo hakuwahi kuiota, katika chuo kilicho mbali na kwao.

Wengi huniuliza, “Je, alama ya mwaka jana si imeandikwa? Mtoto akiipita, si ameingia?” La. Alama ile ni ya mtu wa mwisho aliyeingia mwaka huo. Ni kama bei ya viazi Molo: ya wiki iliyopita yakuonyesha soko lilivyokuwa, lakini ya leo yategemea magunia mangapi yamefika na wanunuzi ni wangapi. Tazama alama za miaka kadhaa, uone kama zinapanda au zinashuka. Mtoto akiwa amezipita zote kwa nafasi nzuri, ana tumaini la haki. Akiwa anagusana nazo, aweke kozi hiyo, lakini nyuma yake aweke nyingine ambayo amezipita wazi, na ambayo yuko radhi kuisoma kweli. Asiiweke ya kujazia tu, kwa maana huenda ndiyo atakayopewa.

Juu ya ada nitasema kidogo tu. Tangu 2023 msaada wa Serikali hupimwa kwa hali ya nyumba ya mwanafunzi, na mwanafunzi hana budi kuuomba mwenyewe. Jueni gharama ya kozi kabla ya kuichagua. Shamba likishauzwa halirudi.

Wenye watoto wadogo zaidi watasikia mengine, maana KCSE imepangwa kufanywa mara ya mwisho mwaka 2027, na utaratibu mpya wa masomo umekwisha kufika katika shule za sekondari ya juu.

Sasa nitaketi pale mezani karibu na mlango. Mwenye karatasi ya matokeo aje nayo, pamoja na mtoto mwenyewe, nasi tutahesabu tita moja moja. Tafadhali, baba au mama, mwacheni mtoto aanze kusema.